Vigango viwili na picha ya mwaka 1985

Kuna picha moja nimeshindwa kuiacha. Mzee wa Kigiriama, pwani ya Kenya, amesimama mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliotangulia. Ni mti mgumu usioliwa na mchwa, umechongwa bapa: juu kichwa cha duara, chini kiwiliwili kirefu kisicho na mikono, kimetiwa nakshi za pembetatu ndogondogo, safu baada ya safu, mpaka kinapoingia ardhini. Kigango si pambo. Husimikiwa marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu, koma yake, yaani roho yake, ipate kutulia, na kikishasimikwa hakiondolewi, hata watu wa mji wakihama.

Aliyepiga picha, mwaka 1985, ni mwanaanthropolojia Monica Udvardy. Baadaye alirudi kumpelekea mzee nakala yake, jambo ambalo watafiti wengi hawajisumbui nalo. Akakuta vigango vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta.

Mtafiti amekwenda kuuliza maswali yake. Sasa mwenye mji ndiye anayempa kazi. Udvardy aliipokea. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi Marekani, mwenzake Linda Giles alionyesha slaidi za vigango vya jumba la makumbusho huko Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilionekana Hampton University, Virginia. Mwaka 2003 wawili hao waliandika makala pamoja na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakisema wazi kwamba biashara ya vigango ni biashara ya mababu za watu. Mwaka 2007 familia ya mzee ikakabidhiwa kigango chao kimoja. Mzee alikuwa ameshafariki, miaka 20 nyuma.

Bila picha ile, nani angewasikiliza? Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilitangaza kurudisha vigango 30. Havina picha, havina jina la ukoo, na walioviuza hawakuandika vilitoka mji gani. Udvardy alikuwa na mwenye mali wa kumtaja. Hapa atatajwa nani? Vikiwekwa ghalani Nairobi, vimerudi kwao au vimebadilishiwa ghala tu?

Liko na lile ambalo vijijini husemwa kwa sauti ya chini. Mara nyingi aliyeving'oa usiku na kuvipeleka kwa wauza vinyago wa Mombasa alikuwa kijana wa hapohapo. Siku vikirudi, naye ataitwa kwenye tambiko?