Mchango kwa Intaneti: Soma Kabla ya Kulipa

Kuchangiana ni desturi yetu. Akiugua mtu kijijini, daftari hupitishwa nyumba kwa nyumba. Kila mmoja huandika jina na kiasi alichotoa. Mwisho fedha huhesabiwa mbele ya watu.

Siku hizi watu huchanga pia kwa intaneti. Ndugu walioko Marekani au Uingereza hufungua ukurasa na kuweka picha ya mgonjwa. Rafiki zao hulipa kwa kadi ya benki. Ni jambo jema. Lakini daftari hili ni la kampuni, na kampuni haifanyi kazi bure. Basi tujue inalipwaje.

Tuchukue mfano wa GoFundMe, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 2010. Hapo kwanza ilikata dola 5 katika kila dola 100. Mwaka 2017 iliacha kukata ada hiyo kwa michango ya watu binafsi huko Marekani. Badala yake huwaomba wachangaji bakshishi.

Lakini makato hayakwisha yote. Iko gharama ya kupitisha fedha za kadi. Huko Marekani ni dola 2 na senti 90 kwa kila dola 100, na tena senti 30 kwa kila mchango. Tupige hesabu:

Mchango: dola 100.00
Makato: dola 3.20
Zinazobaki: dola 96.80

Na bakshishi je? Mtu akiandika dola 100, ukurasa humwonyesha bakshishi iliyokwisha kupangwa. Tuseme ni 15 kwa 100. Asipoibadili, atalipa dola 115. Zile dola 15 ni za kampuni. Mgonjwa hapati humo hata senti moja.

Ujanja uko wapi? Bakshishi ni hiari. Unaweza kuandika sifuri, na mchango wako utapokelewa vilevile. Lakini sifuri haikuwekwa mbele ya macho, lazima uitafute. Mtu mwenye huruma na haraka hubonyeza tu. Mwingine hudhani ni ada ya lazima. Mwingine hudhani inamwendea mgonjwa.

Hatusemi kutoa bakshishi ni vibaya. Tunasema mtu atoe akijua.

Liko jambo zito zaidi. Jumla inayoonekana kwenye ukurasa siyo fedha zitakazofika. Makato hutoka, kisha iko gharama ya kuzituma nyumbani. Familia ikitegemea jumla ile kwa upasuaji, itapungukiwa siku ya kulipa. Na lawama humwangukia ndugu aliyekusanya. Watu watasema, "Amekula!" Kumbe ni makato.

Basi tufanye hivi:

1. Kabla ya kulipa, tazama jumla ya mwisho. Ikizidi kiasi ulichoandika, tafuta sababu.
2. Kama hutaki bakshishi, ibadili uandike 0.
3. Mkusanyaji aandike mambo matatu: zilizochangwa, zilizokatwa, zilizofika. Awasomee ndugu wote.
4. Familia ipange matumizi kwa fedha zilizofika, siyo kwa zilizoonekana.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili

1. Mtu mmoja amechanga dola 200 kwa mara moja. Kwa makato tuliyoyataja, mgonjwa atapata ngapi?
2. Katika kijiji chenu, nani hukagua daftari la michango?

(Jibu la swali la 1: dola 193.90.)