Kwa nini upepo na joto vinavyotangazwa si vile vilivyo karibu na ardhi?

Utabiri unaposema upepo utavuma kwa kilomita 20 kwa saa na joto litafika nyuzi 30, takwimu hizo mbili hazizungumzii kimo kimoja. Kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, upepo hupimwa mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi. Joto hupimwa kivulini, kati ya mita 1.25 na mita 2.

Vimo hivyo vimewekwa kwa sababu. Katika mita chache za kwanza kutoka ardhini, upepo na joto hubadilika haraka mno. Kwa mkulima wa chai, kwa anayetaka kufunga mtambo wa umeme wa upepo, au kwa anayeishi karibu na jaa linalofuka moshi, tofauti hiyo inaweza kuwa hasara au salama yake.

Hewa hushikwa na ardhi

Mwaka 1904, mwanasayansi wa Ujerumani Ludwig Prandtl aliueleza mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg kwamba hewa au maji yanayopita juu ya kitu kigumu hayatelezi pale yanapokigusa. Sehemu inayogusa husimama kabisa, nayo huivuta nyuma sehemu iliyo juu yake. Eneo lote linalohisi mvuto huo huitwa tabaka la mpaka. Kwenye bawa la ndege, unene wake ni wa milimita au sentimita chache tu. Juu ya ardhi, mchana wa jua kali, unaweza kuzidi kilomita moja.

Ndani ya tabaka hilo hewa haiendi kwa mstari ulionyooka. Hupinduka na kuzunguka, kama vumbi la barabarani linavyoonyesha gari linapopita. Ndiyo maana vituo havitangazi kasi ya sekunde moja, bali wastani wa dakika 10.

Mizunguko hiyo ndiyo huchanganya hewa ya juu na ya chini. Iliyo mbali na ardhi hupata nafasi ya kuwa mikubwa, lakini iliyo karibu huzuiwa na ardhi yenyewe, ikabaki midogo na dhaifu. Pale ambapo mchanganyiko ni hafifu, tofauti ya kasi kati ya kimo kimoja na kingine huwa kubwa.

Mwaka 1930 Theodore von Kármán, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Prandtl, aliitolea hali hiyo kanuni ya hesabu. Upepo hauongezeki sawasawa kwa kila mita unayopanda, bali kila kimo kinapozidishwa kwa kiasi kilekile. Chukua uwanda wenye nyasi fupi, upepo ukiwa kilomita 20 kwa saa kwenye mita 10. Kwenye mita 1 utakuwa takriban kilomita 12, na kwenye mita 100 takriban kilomita 28. Yaani mita 9 za mwanzo zimeongeza kilomita 8, na zilihitajika mita 90 nyingine kuongeza kilomita 8 tena.

Uso wa nchi nao una kauli yake. Miti na majengo hupunguza kasi zaidi, ilhali bahari huivuta hewa kidogo tu. Katika uwanda wa nyasi, upepo wa mita 2 ni kama asilimia 72 ya ule wa mita 10. Juu ya bahari tulivu, ni kama asilimia 85.

Mitambo ya upepo na urefu wake

Nguvu inayobebwa na upepo hukua kwa mchemraba wa kasi yake: kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nane. Huko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit nchini Kenya, mradi wa Lake Turkana una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Kitovu cha mapanga ya kila mtambo kiko takriban mita 44 juu ya ardhi. Kwa kanuni ya uwanda wa nyasi, kasi katika kimo hicho huzidi ile ya mita 10 kwa robo hivi, lakini nguvu hukaribia maradufu.

Huko Turkana upepo pia hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, hivyo kanuni peke yake haitoshi, na mahali penyewe lazima papimwe. Lakini somo linamhusu hata mwenye mtambo mdogo: ukifungwa juu ya bati, katikati ya miembe, utaambulia upepo hafifu unaoyumbayumba.

Joto nalo lina ngazi

Mchana jua hupasha ardhi kwanza, kisha ardhi hupasha hewa. Mchanga mkavu unaweza kuzidi nyuzi 50 huku kipimajoto cha kituo kikisoma 35, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo huishia karibu kabisa na uso wa ardhi.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoteza joto, na hewa baridi zaidi hulala chini. Katika usiku mtulivu usio na mawingu, kituo kinaweza kusoma nyuzi 3 huku majani yakiwa yameganda. Hivyo ndivyo sakitu huingia shambani. Mapema mwaka 2012 iliunguza chai huko Kericho na Nandi, Kenya.

Upepo na joto hufanya kazi pamoja

Mwaka 1954 wanasayansi wa Kisovieti Andrei Monin na Alexander Obukhov waliunganisha mambo haya mawili. Mchana hewa ya moto hupanda, huikuza mizunguko na kuuteremsha upepo wa juu. Ndiyo maana alasiri upepo huja kwa vishindo. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huizima mizunguko. Upepo hufa ardhini ingawa mita 100 juu huenda unavuma kwa nguvu.

Kwa sababu hiyo moshi wa jioni hutanda chini mitaani badala ya kupaa. Anayechoma taka saa hizo huwavutisha majirani moshi mwingi kuliko angechoma adhuhuri. Kwa sababu hiyohiyo, wakulima wa matunda katika nchi za baridi huwasha feni kubwa usiku ili kuishusha hewa yenye joto kutoka juu.

Mkulima wa nyanda za juu asiye na feni anaweza angalau kutundika kipimajoto kwenye kimo cha majani yake, na kukiangalia kabla ya alfajiri, badala ya kutegemea takwimu ya mita 2 peke yake.