Tairi Kubwa Si Tairi Bora



Pikapu ya tawi letu hapa Kigali, ile ambayo wengi wenu huiita kamyoneti, ni Toyota Hilux ya miaka ya mwanzo ya 1990. Ni gari kuukuu lakini injini yake ni nzima. Ndiyo hutupeleka kwenye mashamba ya chai kusikiliza matatizo ya wafanyakazi, na ndiyo hubeba unga wa duka letu la ushirika. Ilinunuliwa kwa michango yenu. Kwa hiyo kosa tulilolifanya sisi wa halmashauri juu ya matairi yake hatuna haki ya kulificha.

Matairi ya zamani yalikuwa yamekwisha, yamebaki vipara. Tulikubaliana kununua matano mapya, manne ya kutembelea na moja la spea, ya aina ya kupita njia zote. Hapo hatukukosea. Safari zetu ni nusu lami na nusu udongo. Kutoka mjini mpaka Gicumbi ni lami tupu, lakini ukiiacha barabara kuu na kuingia njia za mashamba ya chai, kama kule Mulindi, mvua za Machi hadi Mei huufanya udongo uteleze kama sabuni. Tairi la lami peke yake halishiki hapo. Na tairi la matope matupu, lenye meno makubwa yaliyoachana, hupiga kelele kwenye lami, huisha upesi, na hushika vibaya lami ikilowa. La njia zote ndilo la kati na kati.

Kosa letu lilikuwa katika saizi. Dereva wetu alisema tununue ile ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, yaani 205R16. Hatukumsikiliza. Dukani tuliona matairi ya 235/85R16, marefu na manene, tukayapenda kwa macho. Muuzaji alisema rimu ni inchi 16 zote mbili, yataingia tu. Kweli yaliingia. Tulirudi ofisini tukijisifu kwamba sasa chama kina gari la maana.

Taabu ilianza siku ile ile. Kila tulipokata kona kali tairi lilisugua madigadi. Mlima tuliozoea kuupanda kwa gia ya tatu sasa ulitaka gia ya pili. Wiki ya pili tulipakia magunia ya unga kwenda shambani. Tulipoupita mji wa Gicumbi na kuanza kuteremka, breki zikapata moto na kunuka. Dereva alisimamisha gari kando ya barabara akasema: "Siendi mpaka zipoe. Na matairi haya mimi siyataki."

Wako miongoni mwetu waliokasirika. Akina mama walikuwa wakingoja unga tangu asubuhi, nasi tulifika usiku. Katika kikao kilichofuata mjumbe mmoja alipendekeza dereva huyo aondolewe, kwa sababu ni mwoga na mkaidi. Kabla ya kukata shauri tuliliita gari kwa fundi wa Gatsata, tukamwomba atueleze. Alichukua futi kamba na kalamu, na baada ya nusu saa tuliona aibu.

Namba zinasema nini

Chukua 235/85R16. Namba ya kwanza, 235, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 85, ni kimo cha ubavu wake, yaani asilimia 85 ya ule upana, ambayo ni kama milimita 200. Herufi R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Ya mwisho, 16, ni inchi za rimu, sawa na milimita 406. Sasa jumlisha ubavu wa juu, rimu na ubavu wa chini: 200 na 406 na 200 ni milimita 806. Hicho ndicho kimo cha tairi zima.

Tairi letu la asili, 205R16, halina namba ya katikati. Matairi yaandikwayo hivyo huwa na ubavu wa kama asilimia 80 au zaidi kidogo, na kimo chake chote ni karibu milimita 740. Basi tulikuwa tumeongeza kama milimita 66, yaani asilimia 9.

Asilimia 9 ni nyingi. Spidomita ikisema 60, gari linakwenda 65. Injini inavuta kama iliyowekewa gia ndefu zaidi, kwa hiyo inachoka mlimani, na ukiteremka haikusaidii kuzuia gari kama zamani. Tena gurudumu likiwa kubwa na zito, breki ile ile ndogo inapata kazi kubwa zaidi. Dereva wetu hakuwa mwoga. Alikuwa ndiye mtu pekee garini aliyejua kinachotokea.

Kanuni aliyotupa fundi ni hii: usiache saizi ya kiwandani. Ukilazimika kubadili kwa sababu saizi hiyo haipatikani, kimo kisizidi wala kupungua zaidi ya asilimia 3, na upana wa tairi ukubaliane na upana wa rimu. Kwa mfano 225/75R16 ina kimo cha kama milimita 744, karibu sawa na letu. Ingetufaa, maana rimu zetu zina upana wa inchi 6.

Mzigo nao una namba

Baada ya saizi kuna namba nyingine ndogo na herufi, nazo wengi hawazitazami. Namba hiyo ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba likiwa na upepo unaotakiwa. Namba 95 ni kilo 690. Namba 104 ni kilo 900. Namba 110 ni kilo 1,060. Mtu akikuuzia matairi ya gari dogo kwa bei nafuu, yenye namba 95, matairi mawili ya nyuma yatabeba kilo 1,380 tu, pamoja na uzito wa gari lenyewe upande huo. Weka magunia ya unga au majani mabichi ya chai juu yake, ndipo utaona tairi likipasuka.

Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani. Na kwa pikapu ya kuvuta magurudumu yote manne, matairi yote yawe ya saizi moja. Mbele na nyuma yakitofautiana, ukiingiza gia ya magurudumu manne unaumiza mitambo ya chini.

Tulichoamua

Tuliyauza yale matairi kwa hasara, tukanunua 205R16 za njia zote zenye namba ya mzigo inayofaa. Hasara hiyo imeandikwa katika hesabu za tawi, na kila mwanachama anaweza kuja kuiona. Dereva tulimwomba radhi mbele ya kikao. Tangu siku hiyo hakuna kifaa cha gari kinachonunuliwa bila yeye kukikubali na kutia sahihi.

Tunawaandikia haya kwa sababu katika viwanda na mashamba wako madereva wengi wanaopewa magari yenye matairi yasiyofaa, na ajali ikitokea wao ndio wanaoulizwa kwanza. Sheria ya Kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inamtaka mwajiri ahakikishe usalama na afya kazini. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tairi ni sehemu ya usalama huo.

Basi kesho kabla ya zamu, wewe dereva na wewe mpakiaji, fungueni mlango wa gari msome kibandiko, kisha msome ubavu wa tairi. Vikitofautiana, andikeni namba zote mbili na tarehe, mpeni mwakilishi wenu wa chama azipeleke kwa msimamizi kwa maandishi, na nakala ibaki kwenu. Mtu akiwaambia kwamba tairi limeingia kwenye rimu, kwa hiyo ni sawa, mwambieni kwamba hata letu liliingia.