Mteja ana laki mbili, anataka saa ya zawadi ya bethdei. Unamuuzia ipi?

Mwezi huu wengi mmenifuata inboksi na swali moja kwa maneno tofauti. Mteja anakuja, anasema nataka saa ya zawadi, bethdei ni Jumamosi, nina laki moja na nusu mpaka laki mbili, nataka kitu cha tofauti. Unamtumia picha arobaini. Anajibu "ngoja nifikirie". Harudi tena.

Mimi niliishia kidato cha nne na biashara sijasomea popote, ila nina kafremu kadogo ka saa na mauzo yangu mengi ni ya kwenye simu. Haya nimeyajua kwa kufungua saa, kuuliza mafundi na kuongea na wateja.

Huyu mteja wa katikati ndiye mgumu kuliko wote. Wa elfu ishirini hana presha, saa ikifa baada ya miezi miwili hata hakutafuti. Wa milioni moja haji kwetu kabisa, anaenda kwenye maduka ya vioo na viyoyozi. Wa laki mbili amejichanga. Pengine hela imetoka kwenye mchezo, pengine amekulipa mara tatu mpaka ikatimia. Na anayepewa ni mtu anayempenda kweli. Saa ikiishia kwenye droo, au ikigundulika ni feki mbele za watu, aibu inampata yeye kwanza, halafu jina lako ndo linafuata.

Sasa hilo neno "cha tofauti". Wauzaji wengi wakilisikia wanaelewa "kinachong'aa". Wanatuma saa ya dhahabu, uso mkubwa kama sahani, vimishale vitano. Lakini hiyo ndiyo saa ambayo kila mtu anayo! Pita stendi yoyote uhesabu. Kwangu mimi, saa ya tofauti ni ile ambayo mwenye bethdei akiiona anasema huyu amenifikiria mimi, sio mtu yeyote tu. Kwa hiyo siangalii kabati langu kwanza. Namuuliza mteja kuhusu mtu.

Swali la kwanza, mikono yake inafanya kazi gani? La pili, sasa hivi anavaa saa gani, na kama havai, kwa nini? Hili la pili ndilo lenye hela, usiliruke.

Nikupe mfano. Dada mmoja alitaka saa ya baba yake anayetimiza miaka 60. Alishachagua, saa ya rangi ya dhahabu yenye mkanda wa chuma. Nikamuuliza mzee anafanya kazi gani. Fundi magari. Anavaa saa? Hapana, ameacha miaka mingi, zinavunjika. Nikamwambia dada, hiyo ya dhahabu baba ataivaa siku ya sherehe tu, akishukuru sana, halafu basi. Tena mkanda wa chuma kwa fundi magari ni hatari. Akiwa anafungua betri ya gari, spana ikiwa kwenye chanya na mkanda ukagusa spana na bodi kwa pamoja, umeme wote unapita kwenye huo mkanda. Mkanda unawaka moto, anaungua vibaya.

Nikampa wazo la Casio G-Shock ya mraba, hizi za familia ya DW-5600. Mkanda wake ni wa plastiki ngumu, namba ni kubwa, ina taa, maji inavumilia kiwango cha mita 200. Akaniangalia kama namtania. "Hii si saa ya vijana?" Hapo ndo nikamweleza ilikotoka.

Kuna mhandisi wa Casio kule Japani anaitwa Kikuo Ibe. Alikuwa na saa aliyopewa na baba yake. Ikamdondoka, ikavunjika. Mwaka 1981 yeye na timu ndogo wakaanza kutafuta saa ambayo haivunjiki ikidondoka. Walikuwa wanazitupa kutoka dirisha la choo, ghorofa ya tatu, halafu wanashuka kuokota vipande. Walitengeneza sampuli kama 200. Kilichomfungua akili ni mtoto aliyekuwa anadundisha mpira: akawaza, mashine ikikaa katikati kama inaelea ndani ya mpira, pigo la nje halitaifikia moja kwa moja. G-Shock ya kwanza ikatoka mwaka 1983.

Dada alinyamaza kidogo, halafu akasema funga hiyo. Nikaandika ile habari kwa mkono, mistari minne, kwenye kadi ndogo nikaiweka ndani ya boksi. Wiki mbili baadaye akanitumia picha ya mkono wa baba yake, saa imejaa oili.

Angalia nilichouza pale. Saa yenyewe iko kwa wauzaji wengine pia. Tofauti ilikuwa kwamba saa iliyovunjika ilitoka kwa baba, na sasa binti anampa baba ambaye saa zake zote zilivunjika. Kila saa ya maana ina habari yake, jifunze tatu nne tu za bidhaa ulizonazo. Usitunge lakini. Mteja ana intaneti mkononi, atakuchungulia.

Tuje kwenye feki, maana bei ya katikati ndipo zilipojaa. Kopi ya elfu ishirini na tano inavalishwa boksi zuri inauzwa laki na themanini. Mimi nina vitu vichache naangalia kabla sijalipia mzigo. Vile visaa vidogo ndani ya uso, bonyeza vitufe vya pembeni uone kama vinatembea. Kwenye kopi nyingi vimechorwa tu, havina kazi. Saa iliyoandikwa "automatic" halafu mshale wa sekunde unaruka tik, tik, mara moja kila sekunde, ina betri ndani, hiyo imeandikwa uongo. Automatiki ya kweli mshale unateleza. Na ile Casio ndogo maarufu, F-91W, iliyotoka mwaka 1989, shikilia kitufe cha kulia kama sekunde tatu hivi: kwenye kioo panatokea jina la Casio. Isipotokea, rudisha. Ikitokea bado endelea kukagua, kuna kopi zimeshaiga na hilo. Kuna msambazaji mmoja wa jumla aliniletea boksi zima, nikabonyeza saa za juu hazikuandika kitu. Akaniambia "hizo ni orijino namba mbili". Hakuna orijino namba mbili jamani. Nilimrudishia zote.

Na kama laki na nusu ya mteja haifiki kwenye jina kubwa analolitaka, usimpe jina kubwa la uongo. Kuna saa za majina yasiyojulikana ambazo ndani zina mashine ya Miyota, na Miyota ni ya Citizen. Hiyo ni saa ya kweli, fundi saa yeyote anaijua, na betri yake mara nyingi ni za kawaida ambazo hazisumbui kupata. Mwambie hivyo hivyo mteja. Watu wanapenda kuambiwa ukweli kuliko tunavyodhani.

Automatiki ndizo ninazozipenda mimi binafsi. Seiko 5 imekuwepo tangu 1963, na zile za kawaida ukibahatika kuipata ndani ya bajeti, au Orient, ni zawadi nzuri sana kwa mtu mtulivu, anayependa vitu vya kudumu. Haina betri, inajijaza kwa mkono unavyotembea. Nyingi zina kioo kwa nyuma, unaona mashine inacheza. Kuna Seiko 5 zinazoandika siku kwa Kiingereza na Kiarabu, na zipo hadi zenye namba za Kiarabu usoni. Kwa mzee wa Tanga au Unguja aliyesoma chuo, hapo huhitaji maneno mengi.

Ila ukiuza automatiki bila maelezo umejitafutia kesi. Ikivuliwa siku mbili inasimama, na mteja atakupigia "saa yako imekufa". Haijakufa, imelala. Itikisetikise, iseti, ivae. Pia haiendi sawasawa kama ya betri. Ya betri inapotea sekunde chache kwa mwezi, automatiki ya bei hii inaweza kupotea sekunde ishirini kwa siku na ni kawaida yake. Na tarehe usiibadilishe kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri kwa mishale ya saa yenyewe, maana muda huo meno ya tarehe yameshikana na unaweza kuyavunja. Mimi haya nayaandika kwenye karatasi. Mtu asiyejali mambo ya kuseti, kwa mfano mama mwenye watoto watatu wadogo, usimpe automatiki. Mpe ya betri, au ya mwanga.

Ya mwanga ni kama Citizen Eco-Drive, inachaji kwa jua au taa, ikijaa inakaa miezi gizani. Mtego wake ni boksi. Imekaa stoo, halafu kabatini kwako, halafu mteja anaificha chini ya nguo wiki mbili akisubiri bethdei. Siku ya siku inafunguliwa mbele ya watu, imesimama. Ukiona mshale wa sekunde unaruka sekunde mbili mbili, inakuomba mwanga. Mimi naziweka dirishani kabla ya kumkabidhi bodaboda.

Maji nitapita haraka. Saa iliyoandikwa mita 30 sio ya kuzamia mita 30. Ni ya kunawa mikono na mvua. Ya kuogelea uza kuanzia 100. Ukimuuzia kijana wa Kigamboni ya 30 akaenda nayo baharini, maji yakiingia atakulaumu wewe.

Saizi ndipo zawadi nyingi zinapofia, kwa sababu mwenye mkono hayupo na hatakiwi kujua. Usimuulize mteja "ana mkono mnene?", atajibu "wa kawaida". Mwambie apige picha saa anayovaa sasa hivi, ikiwa mezani, na sarafu ya shilingi mia mbili pembeni. Wewe unayo sarafu hiyo hiyo dukani. Unaweka saa yako, unaweka sarafu, unalinganisha. Pia aangalie mkanda umefungwa tundu la ngapi, pale pamekunjika. Mkono wa sentimita 16 nampa saa yenye upana wa milimita 36 mpaka 40. Kuanzia 18 anaweza kubeba 42 au 44. Kama mkanda ni wa chuma na umepunguzwa, vile vipande vilivyotolewa vitie kwenye kamfuko uviweke kwenye boksi. Mtu akinenepa atakukumbuka.

Kuchonga jina nyuma kunaipandisha zawadi kuliko kuongeza elfu hamsini kwenye bei ya saa. Fundi wa kuchonga pete anaweza. Lakini zenye kioo nyuma hazichongwi, na ukishachonga hakuna kurudisha, kwa hiyo mteja akuandikie maneno mwenyewe kwa meseji, herufi kwa herufi, na umuulize mara mbili. Kama kuchonga haiwezekani, badilisha mkanda. Pima nafasi ya mkanda kwenye saa, mara nyingi ni milimita 18, 20 au 22, umpe fundi wa ngozi au wale kina mama wa shanga wamtengenezee rangi anazozipenda. Saa ya kawaida na mkanda wa shanga wa rangi ya timu yake, hiyo hana mwingine mtaani.

Jambo la mwisho ni la wazee. Wapo wanaotaka mshale uonyeshe saa ya Kiswahili yenyewe, saa mbili asubuhi uwe kwenye mbili, sio kwenye nane. Ni haki yao, iseti hivyo kabla ya kufunga boksi. Ila muuzie isiyo na tarehe, maana ukisogeza masaa sita tarehe nayo itakuwa inageuka saa kumi na mbili badala ya usiku wa manane, na mzee atadhani ni mbovu.

Kwa anayevaa saa, sarafu inatosha. Mwenye njia nzuri ya kupima mkono wa mtu asiyevaa saa wala bangili, bila yeye kushtuka, aandike hapa chini, nina oda mbili za namna hiyo wiki hii.