KAMONGO KATIKA ZIWA BARINGO

Tangu zamani kamongo ni samaki wa Ziwa Victoria na vinamasi vyake. Waluo ndio wamwitao kamongo. Waganda humwita mmamba, na kwao uko ukoo mkubwa wenye jina hilo, ambao watu wake hawamli kwa kuwa ndiye mwiko wao. (Msomaji wa Kiswahili asidhani ni yule mamba wa mtoni mwenye miguu.) Lakini Ziwa Baringo, lililo katika Bonde la Ufa huko Kenya, halikuwa na kamongo hata mmoja. Katikati ya miaka ya 1970 walitiwa humo wachache kwa mkono wa watu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wavuvi walikuwa wakimvua na kumwuza, na baadaye akawa miongoni mwa samaki waliovuliwa kwa wingi sana ziwani humo. Twataka kueleza jinsi wageni wachache walivyoweza kulienea ziwa zima, kwa maana jambo hili lawahusu hata watu wakaao mbali na Baringo.

Mtu amwonapo kamongo mara ya kwanza humdhania nyoka. Mwili wake ni mrefu, waweza kupata meta 2, na mapezi yake manne ni membamba kama kamba. Macho ni madogo. Chakula chake hukitafuta kwa kunusa na kupapasa. Meno yake ni kama mabamba makali ya kusagia, naye huvunja kaula la konokono kwa urahisi, wala vidole vya mvuvi asiye mwangalifu havimshindi. Walakini ajabu yake kubwa i ndani: kamongo ana mapafu. Matamvua anayo, lakini ni madogo na hayamtoshi, kwa hiyo hana budi kupanda juu mara kwa mara kuvuta hewa kama sisi. Ukimzuia chini ya maji atakufa maji, ingawa ni samaki.

Maji yakikauka, yeye hakimbii. Huchimba shimo katika tope, hujikunja humo, na ute wa mwili wake hukauka ukawa kama mfuko unaomfunika pande zote, isipokuwa tundu dogo la kupitisha pumzi. Hapo hulala bila kula wala kunywa, huku akijilisha kwa nyama ya mwili wake mwenyewe. Na ile sumu ambayo samaki wengine huitoa majini kila siku, yeye huigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, akaiweka mwilini hata mvua inyeshe. Mtaalamu wa Kimarekani Homer Smith aliuchunguza sana usingizi huu, na mwaka 1932 alitoa kitabu alichokiita kwa jina la samaki huyu, Kamongo. Kwa kweli kamongo wa ziwa kubwa hahitaji kulala hivyo mara nyingi, kwa kuwa ziwa halikauki. Ndugu zake wa madimbwi ndio wazoefu.

Tena ni mlezi. Dume huchimba kiota mahali penye majani na maji machache, jike hutaga humo, na dume hubaki kulinda mayai na watoto. Watoto wana matamvua ya nje, yaliyotokeza kama manyoya, mfano wa watoto wa chura. Mwalimu akiwapata awaonyeshe wanafunzi, kwa maana ni somo lisilohitaji picha.

Sasa tulitazame Ziwa Baringo. Ni ziwa la maji baridi, ingawa hakuna mto uonekanao ukitoka humo. Mito kama Molo na Perkerra huleta udongo mwingi kutoka nchi za juu zilizoliwa na mmomonyoko, na maji yake yamekuwa ya rangi ya udongo. Kwa samaki atafutaye chakula kwa macho hii ni taabu. Kwa kamongo si kitu. Wavuvi nao walijifunza kumtega kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi na chambo, nao walipata chakula na fedha. Faida hii hatuikani, na si haki kumlaumu mtu wa Baringo aliyesomesha watoto kwa kamongo.

Lakini ziwa hilo lina perege wake, ambao jamii yao ya asili ni ya humo tu, haikutoka ziwa jingine lolote. Perege hao wamepungua, kwa kuvuliwa kupita kiasi na kwa udongo kujaa ziwani. Mgeni mwenye meno naye yumo kati yao, tena hana njia ya kuondolewa. Hilo ndilo twaona laweza kusahauliwa: samaki akishatiwa katika ziwa hawezi kurudishwa kikapuni. Mwaka 2002 ziwa hili liliandikwa katika orodha ya nchi za majimaji zilindwazo kwa mapatano ya mataifa yaliyofanywa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Walakini orodha haichagui samaki gani akae humo. Basi chifu ambaye watu wake wamechimba bwawa, na kijana mmoja akataka kuleta samaki ndani ya debe kutoka ziwa la mbali, amwulize kwanza bwana wa uvuvi, hasa kama bwawa hilo hufurika mtoni wakati wa masika.

Huko kwao, Ziwa Victoria, kamongo wamepungua. Mafunjo ya pwani ya ziwa, mahali pa viota vyao, yamekatwa na kuchomwa ili watu wapate mashamba, na kamongo alindaye kiota hukamatwa kwa urahisi. Katika mafunjo yaliyobaki maji yana hewa kidogo mno, hata sangara, aliyetiwa ziwani humo katika miaka ya 1950, hawezi kukaa ndani yake. Samaki wadogo hukimbilia humo wasiliwe naye, na kamongo hupanda juu, akavuta pumzi, akashuka tena.