Marekani: Kuahidi chuo kimoja kabla ya kuona bei, sahihi inayowatia wazazi Wakongomani wasiwasi

Simu iliingia saa tatu za usiku hapa Bukavu. Kule Louisville, katika jimbo la Kentucky, ilikuwa saa tisa za mchana. Alikuwa mpwa wangu, binti ya dada yangu, ambaye ameanza mwaka wake wa mwisho wa sekondari. «Mjomba, baba anakataa kutia sahihi», aliniambia, bila hata kuuliza habari za nyumbani.

Karatasi anayoizungumzia ina sehemu tatu za sahihi: ya mwanafunzi, ya mzazi, na ya mshauri wa shule. Wote watatu wanakubali kwamba chuo kikimpokea mtoto mwezi wa kumi na mbili, atakwenda huko, na ataondoa maombi yake yote katika vyuo vingine. Wamarekani wanaita mpango huu Early Decision, yaani ombi la mapema lenye ahadi. Kwa vyuo vingi mwisho wa kupeleka ombi hilo ni tarehe 1 mwezi wa kumi na moja.

Shemeji yangu si mtu wa kuogopa masomo. Anafanya kazi ya usiku katika ghala la vifurushi ili watoto wasome. Lakini kabla ya kupokelewa Marekani aliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na huko alijifunza kwamba karatasi moja iliyotiwa sahihi vibaya inaweza kukurudisha nyuma mwaka mzima. Sasa anaambiwa aahidi kitu ambacho bei yake hajaiona.

Kwetu hapa mambo yanakwenda kinyume. Mtoto anafanya Exetat, anangoja matokeo, kisha anabeba diploma yake hadi chuo anachokitaka, analipa inscription na anaanza. Akiwa na pesa anaweza kujiandikisha hata mahali pawili na kuamua baadaye. Kule, kwenye vyuo vyenye ushindani mkali, mtoto anaomba nafasi karibu mwaka mzima kabla ya kuanza, na chuo ndicho kinachochagua. Ombi la kawaida linapelekwa karibu na mwanzo wa mwezi wa kwanza, majibu yanatoka mwishoni mwa mwezi wa tatu, na familia inapewa hadi tarehe 1 mwezi wa tano kulinganisha barua zilizokuja, chuo kwa chuo, dola kwa dola.

Mwenye ombi la ahadi hapati nafasi hiyo ya kulinganisha. Anapata kitu kingine: mlango ulio wazi zaidi. Chuo ambacho mpwa wangu anakitaka ni Vanderbilt, mjini Nashville, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka kwao. Katika miaka ya karibuni, walioomba pale kwa ahadi wamepokelewa kwa kiwango cha mara tatu au zaidi kuliko wale waliongoja ombi la kawaida. Namba hiyo inavutia, lakini isomwe kwa akili, maana ndani ya kundi la mapema wamo pia wanamichezo walioitwa na chuo chenyewe, na watoto wa shule ambazo zina washauri wa kutosha wa kuwaandaa tangu mapema. Hata hivyo faida ipo kweli. Mwaka 2003, Christopher Avery na wenzake wawili walichapisha kitabu kuhusu mchezo huu, na hesabu zao zilionyesha kwamba kuomba mapema kunamsaidia mwanafunzi kama mtu aliyeongeza alama 100 hivi katika mtihani wa SAT.

Kwa nini vyuo vinapenda ahadi? Kwa sababu vinataka uhakika. Kila kiti kilichojazwa mwezi wa kumi na mbili ni kiti ambacho hakitasumbua tena, na mwenye kukikalia hana nguvu ya kusema «wenzenu wamenipa zaidi». Hapo ndipo lawama zinapoanzia. Mwaka 2006, Harvard na Princeton zilitangaza kuacha maombi ya mapema, zikisema yanawasaidia wale ambao tayari wako mbele. Mwaka 2011 zilirudisha maombi hayo, lakini kwa njia isiyofunga: jibu linakuja mwezi wa kumi na mbili, na mwanafunzi bado ana hadi tarehe 1 mwezi wa tano kuamua. Yale pia inafanya hivyo. Wazazi wengi wa jamii yetu wanachanganya njia hizi mbili, kwa sababu zote zinaitwa «mapema». Kabla ya kukubali au kukataa, mzazi aulize kwanza: hii inafunga au haifungi?

Sasa pesa, maana ndiko shemeji alikokwama. Tangu 2011, sheria ya Marekani inavilazimisha vyuo vinavyopokea msaada wa serikali kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama. Familia inaingiza mapato yake na idadi ya watu wa nyumba, kisha inaona makadirio ya kiasi itakacholipa baada ya msaada. Ni makadirio, hayafungi chuo. Lakini kwa familia yenye mshahara mmoja na isiyo na nyumba wala biashara, mara nyingi yanakaribia ukweli. Bei iliyoandikwa mbele, ile ya kutisha, ni ya matajiri. Vanderbilt ni kati ya vyuo vinavyosema vitalipa pengo lote ambalo familia haiwezi kulipa, tena bila kumpa mtoto mkopo. Hiyo inawahusu raia na pia wenye kadi ya ukaaji wa kudumu, kama mpwa wangu. Vyuo vyenye uwezo huo si vingi, na chuo kisichotoa ahadi ya namna hiyo hakistahili kuahidiwa na mtoto wa maskini. Huo ndio msimamo wangu, na nilimwambia dada yangu wazi.

Kuna njia moja iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto kama huyu, nayo tuliichelewa. Inaitwa QuestBridge. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo anayesoma sekondari Marekani anaorodhesha vyuo hadi 15, na kimoja kikimchagua tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili, anasoma miaka minne akiwa amelipiwa. Karibu vyuo vyote vilivyo humo vinafunga, lakini pesa inajulikana tangu mwanzo. Maombi yanafungwa mwishoni mwa mwezi wa tisa. Hakuna aliyetuambia. Mwenye mtoto anayeingia mwaka wa mwisho mwaka ujao aandike tarehe hiyo ukutani.

Kwa wanafunzi walio hapa Bukavu, Goma au Uvira wanaoota kuomba kutoka nyumbani, hali ni nyingine. Vyuo vingi vya Marekani, vinapompima mwanafunzi wa kigeni, vinaangalia pia kama anaomba pesa, na jambo hilo linaweza kumnyima nafasi. Vichache sana, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, haviliangalii. Yeyote anayekuomba dola ili «akupitishe mapema» anakuibia.

Jumamosi tulikaa kwenye WhatsApp sote wanne. Shemeji alileta karatasi za kodi, binti akaingiza namba moja moja kwenye kikokotoo, na kiasi kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko tulivyodhani. Shemeji alikitazama, akanyamaza, kisha akauliza swali moja tu: «Na kama mwezi wa kumi na mbili wataandika namba nyingine?»

Hilo nalo lina jibu. Masharti ya ombi hilo yanasema kwamba msaada wa pesa usipotosha kumwezesha mwanafunzi kusoma, anaweza kukataa nafasi na kufunguliwa kutoka kwenye ahadi yake. Hatakuwa amevunja sheria yoyote. Ila itabidi maombi ya vyuo vingine yawe tayari, kwa sababu kati ya jibu hilo na mwanzo wa mwezi wa kwanza zinabaki wiki mbili hivi. Dada yangu aliandika majina ya vyuo vitano kwenye daftari, viwili vikiwa vya serikali ya jimbo, na kimoja ni Berea, chuo cha huko huko Kentucky kisichotoza minervali kabisa.

Nilimtafsiria shemeji masharti yote kwa Kiswahili na kumtumia. Juzi amenitumia picha ya karatasi. Sahihi ya binti ipo, sehemu yake bado ni tupu. Chini ameandika kwamba Jumatatu atakwenda kumwona mshauri wa shule, na ameomba mkalimani, ambaye shule za serikali zinapaswa kumpatia mzazi bure.