Kabla ya Kigae cha Kwanza: Ukuta wa Bafu Luano

Vigae pekee havizuii maji. Ningependa kila mwenye nyumba wa Luano, hapa Lubumbashi, alijue hili kabla hajapakia boksi la kwanza la vigae kwenye gari. Uso wa kigae una ngozi ya kioo isiyopitisha hata tone, lakini kati ya kigae na kigae upo mwanya uliojazwa grauti ya saruji, na grauti hunywa maji kila mtu anapooga. Katika nyumba yenye watu sita wanaooga asubuhi na jioni, ukuta wa bafu haupati nafasi ya kukauka. Maji hupenya kwenye gundi, yakaingia kwenye lipu, yakafika kwenye tofali, na mwisho hutokeza upande wa pili: rangi ya chumba cha kulala inavimba, inabanduka, na chumvi nyeupe inachomoza ukutani. Mwenye nyumba huona aibu mbele ya wageni, anaita fundi, anaagiza vigae vipya. Fedha hizo zimepotea, kwa sababu ugonjwa uko nyuma ya vigae.

Matofali yetu yanalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Nyumba nyingi za Lubumbashi na vitongoji vyake zimejengwa kwa matofali ya kuchoma, na udongo wake mara nyingi huchimbwa kwenye vichuguu vikubwa vya mchwa vilivyotapakaa Katanga nzima. Ni udongo mzuri, wenye mfinyanzi wa kutosha na unaoshikamana vizuri. Tatizo ni moto. Katika tanuri la kuni moto haufiki kila mahali sawasawa. Matofali ya katikati yanaiva, ya pembeni yanabaki laini. Mwagia tofali la namna hiyo kikombe cha maji uone yanavyotoweka. Likishalowa, maji hayateremki tu, hupanda pia, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ndiyo maana doa la unyevu huonekana mbali na mahali maji yalipoingilia, na fundi asiyejua hilo huziba pasipovuja.

Wajenzi wa zamani wa pwani walilielewa jambo hili. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi nchini Kenya, nyumba za mawe ya matumbawe zilikuwa na vyoo na mahali pa kunawia, na kuta zake zilipigwa lipu ya chokaa. Kazi ya kupambana na maji ilikuwa ya lipu. Nasi tuanzie hapo hapo.

Kabla ya lipu, mabomba. Yajaze maji, yazibe mwisho, yaache na msukumo usiku kucha, kisha kagua kila kiungo kwa mkono mkavu. Bomba likishafunikwa, kiungo kinachotoa tone moja kwa dakika kitaharibu ukuta mzima bila wewe kukiona.

Lipu ya bafu iwe ya saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu nne. Lipu ya jasi, ile nyeupe laini ya dari, isikaribie bafu. Ikilowa hulainika na kuachia vigae. Mchanga upime mwenyewe: tia kwenye chupa ya kioo hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha utulie. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, uoshe au tafuta mwingine, kwa sababu tope huzuia saruji kushika. Lipu ikishapigwa inyunyizie maji kwa siku 7, kisha ihesabie siku 28 tangu ilipopigwa kabla ya kuendelea. Najua siku hizi huwaudhi watu, hasa aliyekwisha kulipa fundi na ana hamu ya kuhamia. Lakini lipu hujikunja inapokauka, na kigae kilichobandikwa mapema huvutwa hadi kikaachia.

Majira nayo yana neno. Luano iko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali kwa saruji, nayo hushika polepole. Septemba na Oktoba jua na upepo mkavu huiba maji ya gundi kabla haijakamata. Mvua huanza kwa nguvu Novemba na kulowesha kuta za nje hadi Machi au Aprili. Kwa hiyo mimi husema: piga lipu Agosti, maliza vigae kabla ya Novemba, na kwenye joto la Oktoba bandika asubuhi na mapema.

Sasa tabaka lenyewe la kuzuia maji, ambalo wengi hulikata ili kubana matumizi. Chagua dawa ya saruji inayouzwa kwa vitu viwili, unga na maji meupe ya plastiki, vinavyochanganywa papo hapo. Paka mkono wa kwanza kwa wima, uache ukauke, kisha wa pili kwa mlalo, ili tundu lililoachwa na brashi ya kwanza lizibwe na ya pili. Kwenye pembe, na pale ukuta unapokutana na sakafu, zamisha utepe wa wavu ndani ya dawa ikiwa mbichi, kwani hapo ndipo nyumba hucheza na ufa huanza. Zungushia dawa kila bomba linapotokeza. Ukutani ipite juu ya kichwa cha shawa, na sakafu yote ipakwe, ikiwa tayari na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Dawa ikikauka, ziba tundu hilo, jaza maji ya sentimita chache, yaache saa 24, uende ukapapase ukuta wa chumba cha jirani.

Hapo ndipo vigae vinaingia, na kazi iliyobaki ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mfuko wa gundi tafuta alama C2TE, iwe mfuko umeandikwa Kifaransa au Kiingereza: 2 ni nguvu iliyoongezwa, T kigae hakitelezi ukutani, E unapewa muda mrefu zaidi kabla gundi haijaota ngozi. Kigae cha poseleni hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, hivyo uji wa saruji tupu haukishiki. Funga ubao ulionyooka kwa pima maji mahali pa mstari wa pili, anza kupanda juu yake, na ule wa chini uukate mwisho. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, mashine ya mkono inakata vizuri vigae vya ukuta.

Jambo moja nalikemea bila kuchoka: kuweka vidonge vitano vya gundi nyuma ya kigae na kukikandamiza. Mapengo yanayobaki hugeuka visima vidogo. Tandaza gundi kwa mwiko wenye meno, mistari yote ielekee upande mmoja, kisha ng'oa kigae kimoja utazame mgongo wake. Bafuni gundi ifunike asilimia 95.

Grauti isubiri saa 24. Pembe za kuta na mguu wa ukuta zisijazwe grauti, zipakwe silikoni, ambayo hunyumbuka.

Maji mengi ya chini ya ardhi hapa Lubumbashi yamepita kwenye miamba ya dolomiti, nayo huacha utando mweupe juu ya vigae. Usiuondoe kwa asidi ya betri wala ya chooni. Asidi inayokula utando hula na grauti, na njia ya maji inafunguka upya. Futa ukuta kwa mpira kila baada ya kuoga, na silikoni ikianza kuachia kingo, ichonge yote uipake mpya.